Mikazo 20,000 kwa nusu saa: hesabu ya misuli kutoka Guangyuan Xilu

Mikazo 20,000 kwa dakika 30. Ahadi hiyo imezunguka dunia tangu mwaka 2018, Marekani ilipoiruhusu mashine ya Emsculpt, ya kampuni ya BTL yenye asili ya Czech, kukaza misuli ya tumbo kwa mawimbi ya sumaku. Siku hizi utaisoma kwenye matangazo ya kliniki za urembo za Nairobi na Dar es Salaam. Utaisoma tena, kwa maneno yaleyale au yanayokaribiana, kwenye makaratasi ya mashine za kuiga zinazotoka viwandani Guangzhou, China.

Chukua kalamu. Nusu saa ina sekunde 1,800. Gawa 20,000 kwa 1,800, unapata 11 na ushei. Maana yake tumbo lako linaahidiwa kukaza na kulegea mara 11 katika kila sekunde, nusu saa nzima, bila hata nafasi ya kuvuta pumzi. Msuli wa tumbo hauwezi hivyo, hata wa bingwa wa dunia. Mkazo mmoja ukishaanza una muda wake wa kupanda na muda wake wa kushuka, na kwa misuli mingi muda huo unazidi ile sehemu ya kumi na moja ya sekunde iliyotengwa.

Wauzaji wamehesabu mipigo ya mashine, wakaiita mikazo ya msuli. Tofauti ya vitu hivyo viwili imewashughulisha wanafiziolojia kwa zaidi ya miaka 150, na ndiyo inayoamua kama kifaa utakachonunua kitafanya kazi au kitaishia kabatini.

Guangyuan Xilu, ambako vifaa vya namna hii huuzwa, ni barabara ya soko la jumla, kaskazini ya kituo kikuu cha reli cha Guangzhou, upande wa Sanyuanli. Wafanyabiashara wa Kiafrika wameizoea kuliko mitaa mingi ya kwao. Wanigeria, hasa Waigbo, ndio waliojikita zaidi pale, kwenye majengo ya nguo kama Canaan. Wa Afrika Mashariki wengi hulala upande wa Xiaobei, lakini mchana huja huku kutafuta nguo, viatu, mawigi na vipodozi. Barabara hiyo iliingia kwenye habari za dunia Julai 2009, Waafrika walipokusanyika mbele ya kituo cha polisi baada ya Mnigeria mmoja kuumia akikimbia ukaguzi wa hati za kusafiria. Kwa siku nyingine ni mikokoteni, maboksi, mkanda wa gundi na kelele za bei.

Namba 121 ni Meibo Cheng, jumba kubwa la vipodozi na vifaa vya saluni. Viwanda vinavyolilisha vingi viko katika wilaya ya Baiyun, ambayo ni moja ya vitovu vya vipodozi vya China. Katika biashara hiyo ya urembo, mashine za kushtua misuli zipo za kila kimo. Kuna kijimashine cha betri chenye pedi mbili za gundi. Kuna mkanda wa kufunga tumboni, ambao kwetu huuzwa kwa jina la mkanda wa kupunguza kitambi. Kuna na mashine nzito za kliniki, zenye skrini na vishikio viwili vya sumaku. Muuzaji hahitaji lugha nyingi. Anakubandika pedi kwenye mkono, anabonyeza kitufe, vidole vinajikunja vyenyewe. Mteja anacheka, na mazungumzo ya bei yanaanza.

Onyesho hilo ni la zamani. Luigi Galvani wa Bologna alilichapisha mwaka 1791, kwa miguu ya chura badala ya mkono wa mteja. Alichoonyesha ni kwamba umeme unaweza kuuchochea msuli. Hakuwa na chombo cha kupima sehemu ndogo za sekunde, kwa hiyo hakujua kilichofuata ndani ya msuli baada ya kushtuliwa. Hilo lilimsubiri Hermann von Helmholtz, ambaye mwaka 1850 alipima mwendo wa taarifa kwenye mshipa wa fahamu wa chura, akapata kama mita 30 kwa sekunde. Wengi walikuwa wakidhani mwendo huo hauwezi kupimika. Katika kupima huko aligundua pia kwamba msuli haujibu papo hapo. Unachelewa kidogo, kisha nguvu inapanda, inafika kilele, inashuka polepole kuliko ilivyopanda.

Mshtuko huo mmoja, tokeo la mpigo mmoja, ndio tofali la kwanza la hadithi nzima. Mpigo wa umeme kwenye utando wa msuli huisha ndani ya milisekunde chache. Nguvu inayotokana nao hudumu muda mrefu zaidi, kuanzia makumi ya milisekunde hadi zaidi ya mia. Kwa hiyo mpigo wa pili ukija mapema, unaukuta msuli bado unavuta kwa ule wa kwanza, na nguvu mpya inapandia juu ya iliyobaki.

Anayepepea jiko la mkaa anaijua hesabu hii kwa mkono wake. Pepea mara moja, makaa yanang'aa, kisha yanafifia. Pepea tena yakiwa yameshafifia, unarudi palepale. Pepea kabla hayajafifia, mng'ao wa pili unauzidi wa kwanza, wa tatu unauzidi wa pili, mpaka jiko linawaka mfululizo na jicho halioni tena pengo kati ya pepeo moja na jingine. Kuanzia hapo, kuongeza kasi ya mkono hakuongezi moto sana. Jiko limefika mwisho wake. Na ukipepea hivyo bila kuacha, mkaa unaliwa upesi, linabaki jivu.

Sasa tuiweke kwenye namba. Chukua msuli ambao mshtuko wake hufika kilele baada ya milisekunde 50, na utumie umbo la mshtuko ambalo Andrew Fuglevand, David Winter na Aftab Patla walilitumia mwaka 1993 katika modeli yao mashuhuri ya kundi la nyuzi za misuli zinazoamrishwa na seli 120 za fahamu. Mipigo ikiwa 2 kwa sekunde, mpigo wa pili unakuta imebaki chini ya asilimia 1 ya nguvu ya kwanza. Msuli unarukaruka tu, kila mshtuko na wake. Mipigo ikiwa 5, inabaki kama asilimia 20. Ikiwa 10, mpigo wa pili unakuta asilimia 74 bado ipo, na kuanzia hapo mishtuko haitengani tena. Ikiwa 20, mpigo wa pili unaingia wakati wa kwanza umefika kileleni hasa.

Hesabu hii yote ni ya kujumlisha, mtoto wa sekondari mwenye kikokotoo anaweza kuirudia. Tatizo lake ni kwamba haina mwisho. Ukiendelea kujumlisha, mipigo 50 kwa sekunde ingeleta nguvu ya wastani karibu mara 7 ya mshtuko mmoja, na mipigo 100 ingeleta zaidi ya mara 13. Msuli halisi wa mamalia hukwama mapema, mara nyingi kwenye mara 3 hadi 5 hivi. Modeli ya kujumlisha inasema kweli pale mipigo inapokuwa michache, kisha inaanza kutia chumvi. Fuglevand na wenzake walilijua hilo, wakaweka ndani ya modeli yao kipimo cha kuirekebisha nguvu ya kila mshtuko kadiri mipigo inavyosogeleana.

Kwa nini msuli unakwama? Jibu lilipatikana kwa kiasi kikubwa Tokyo, miaka ya 1960, katika kazi ya Setsuro Ebashi. Mpigo ukifika kwenye uzi wa msuli, kalsiamu inaachiliwa kutoka ghala lake ndani ya seli, inashikamana na protini iitwayo troponini, na kushikamana huko ndiko kunakofungua njia kwa nyuzi nene na nyembamba kuvutana. Mpigo ukipita, pampu zinairudisha kalsiamu ghalani na mvuto unalegea. Basi mpigo hauzalishi nguvu moja kwa moja. Unamwaga kalsiamu, na kalsiamu inajaza nafasi. Nafasi za troponini zina idadi. Zikishajaa, kalsiamu ya ziada inazunguka bila kiti.

Kuna jambo la pili ambalo kujumlisha hakulioni, na binafsi naliona ndilo tamu kuliko yote. Mwaka 1970, Robert Burke, Pablo Rudomin na Felix Zajac walichapisha kwenye jarida la Science majaribio yao juu ya misuli ya paka. Waliushtua msuli kwa mfululizo wa mipigo ya kawaida, kisha wakarudia wakiwa wameongeza mpigo mmoja tu mwanzoni, karibu kabisa na wa kwanza. Nguvu ilipanda kwa kiasi kisichofanana na udogo wa nyongeza hiyo, na haikushuka mara moja. Ilibaki juu wakati mipigo iliyofuata ilikuwa ileile ya kawaida. Mpigo mmoja, ukiwekwa mahali pake, ulifanya kazi ya kudumu. Sehemu ya maelezo ni kalsiamu inayomwagika kwa wingi zaidi. Sehemu nyingine ni ulegevu wa kano na tishu zinazounga msuli na mfupa: lazima zivutwe zikaze kwanza ndipo nguvu ifike kwenye kiungo, na mipigo miwili ya pamoja inaumaliza ulegevu huo haraka.

Kwa hiyo anayetaka kutabiri nguvu ya msuli hawezi kuuliza tu ni mipigo mingapi. Anahitaji kujua imepangwaje: pengo gani kati ya wa kwanza na wa pili, pengo gani baadaye, na msuli ulikuwa katika hali gani mpigo ulipoingia.

Modeli inayojibu maswali hayo kwa uchache wa kupendeza ilijengwa katika Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na Anthony Wexler, Jun Ding na Stuart Binder-Macleod, kuanzia mwaka 1997. Ina milinganyo miwili. Wa kwanza unafuatilia kalsiamu iliyoshikamana na troponini: kila mpigo unaongeza, na muda unapunguza, kwa kasi ambayo kipimo chake ni kama milisekunde 20. Ndani yake kuna kigezo kinachoupa uzito zaidi mpigo unaofuata mwenzake kwa karibu, ambayo ni ile siri ya paka wa mwaka 1970. Wa pili unafuatilia nguvu yenyewe: inapanda kadiri nafasi za troponini zinavyojaa, lakini kujaa huko kuna kikomo, na inashuka taratibu zaidi pale kalsiamu inapokuwa nyingi. Basi. Hakuna picha ya kila molekuli, hakuna hesabu ya mabilioni ya protini. Mtaalamu anampima mgonjwa kwa mifululizo michache ya mipigo, anapata vipimo vya msuli wake, kisha anaiuliza modeli: nikipanga mipigo hivi, paja litavuta kiasi gani? Baadaye waliongeza uchovu, kwa kuviacha baadhi ya vipimo hivyo vibadilike kadiri msuli unavyofanya kazi.

Wasomaji wa fizikia watamkumbuka A. V. Hill, Mwingereza aliyepata Nobel ya mwaka 1922 pamoja na Otto Meyerhof, na ambaye mlinganyo wake wa mwaka 1938 unaeleza jinsi msuli unavyopoteza nguvu kadiri unavyojikunja kwa kasi. Modeli nyingi za misuli kwenye kompyuta bado zinambeba Hill mgongoni. Lakini Hill alikuwa akishughulika na msuli ambao tayari umewaka moto wote. Watu wa Delaware walitaka kujua jinsi moto unavyopanda.

Uchovu unastahili aya yake, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo tangazo la saluni halisemi kabisa. Mwaka 1977, Richard Edwards na wenzake, mmoja wao akiwa David Hill, mtoto wa huyohuyo A. V. Hill, waliwachosha watu kwa mazoezi kisha wakaipima misuli yao kwa umeme. Mipigo ya haraka, 50 kwa sekunde na kuendelea, iliirudisha nguvu karibu na ya mwanzo baada ya muda si mrefu. Mipigo ya polepole, ya 20 hivi au chini yake, iliendelea kutoa nguvu pungufu kwa saa nyingi. Msuli uliochoka unahitaji mipigo iliyosongana zaidi ili utoe kilekile ulichokuwa ukitoa kwa mipigo michache. Mashine inayopiga namba ileile kuanzia dakika ya kwanza hadi ya thelathini inaamrisha misuli miwili tofauti bila kujua.

Na mwili wenyewe unafanyaje? Mwili una ujanja ambao mashine haina. Edgar Adrian na Detlev Bronk walionyesha mwaka 1929 kwamba tuna njia mbili za kuongeza nguvu: kuita vikundi vipya vya nyuzi, na kuzidisha mipigo kwenye vikundi vilivyokwisha kuitwa. Elwood Henneman, mwaka 1957, akaonyesha utaratibu wa kuitana: vikundi vidogo, vya nyuzi zisizochoka haraka, huamka kwanza, vikubwa vyenye nguvu na vya kuchoka upesi huja mwisho. Juu ya hayo, vikundi havipigi kwa pamoja. Kimoja kinavuta wakati kingine kinalegea, kwa hiyo mkono unanyanyua ndoo ya maji bila kutikisika hata kama kila kikundi peke yake bado kinarukaruka. Ndiyo maana mipigo michache inatosha. Francois Bellemare na wenzake walipima mwaka 1983, mtu akivuta kwa nguvu zake zote: msuli wa mbele wa mkono wa juu ulipata wastani wa mipigo kama 31 kwa sekunde. Msuli wa ndani wa kigimbi, unaotusimamisha siku nzima, ulipata kama 11 tu, na ulikuwa umefika mwisho wa nguvu zake, kwa sababu mishtuko yake ni mirefu na inaungana mapema.

Pedi zinazobandikwa kwenye ngozi zinavunja utaratibu huu wote kwa pamoja. Zinaamsha mishipa ya fahamu iliyo karibu nazo, ya nyuzi zinazochoka na zisizochoka, bila kuuliza zamu ya nani. Zinaiamsha yote kwa wakati mmoja. Ili mkono usitikisike, mashine inalazimika kupiga mara 20 hadi 50 kwa sekunde, na nyuzi zilezile zinafanya kazi bila za kupokezana nazo. Ndiyo sababu msuli unaoshtuliwa kwa umeme huchoka mapema kuliko unaotumwa na ubongo, hata nguvu ikiwa sawa.

Turudi sasa kwenye hesabu ya tangazo. Mashine za sumaku hutuma mipigo kwa vipindi, mfululizo wa haraka kisha pumziko. Tuseme, kwa mfano, sekunde 5 za mipigo na sekunde 5 za kupumzika. Nusu saa ina vipindi 180 vya namna hiyo. Mipigo 20,000 ikigawanywa kwenye sekunde 900 za kazi inakuwa 22 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya mishtuko kuungana. Basi mteja amepata mikazo 180, kila mmoja mrefu na mzito. Mikazo 180 ya nguvu si haba, na sioni aibu ya kuitangaza hivyo. Ila haivutii macho kama 20,000, na inaweza kulinganishwa na kitu ambacho mteja anakijua, yaani kuinua kiwiliwili sakafuni mara 180 bila kulipa mtu.

Wamarekani waliwahi kufikishana mbele ya sheria kwa jambo la jirani na hili. Mei 2002, Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliwashtaki wauzaji wa mikanda ya umeme ya AbTronic, AB Energizer na Fast Abs, kwa kudai kwamba inapunguza mafuta na inafanya kazi ya mazoezi. Msuli unaweza kukazwa na umeme, hilo halina ubishi. Kuyeyusha kitambi ni suala la chakula na nishati, na kijimashine cha betri hakina nishati ya kutosha kulifikia.

Mahali ambapo hesabu hii ina uzito wa kweli ni kwa mgonjwa. Mwaka 1961, Wladimir Liberson na wenzake walieleza kifaa kwa watu waliopooza upande mmoja baada ya kiharusi, wale ambao mguu unaning'inia kwenye kifundo na vidole vinakwaruza chini kila hatua. Swichi iliwekwa kwenye kisigino cha kiatu. Kisigino kikiinuka, mipigo inatumwa kwenye mshipa wa fahamu ulio pembeni ya goti, wayo unanyanyuka, mtu anapita bila kujikwaa. Kifaa cha namna hiyo hakitafuti nguvu kubwa. Kinatafuta nguvu inayotosha, kwa wakati wake, hatua mia baada ya hatua mia, na adui yake mkuu ni uchovu. Hapo ndipo milinganyo ya Delaware inapofaa: kupanga mipigo michache kadiri inavyowezekana, labda na miwili ya pamoja mwanzoni, ili msuli udumu asubuhi hadi jioni.

Mtaalamu wa viungo Moshi au Mombasa, mwenye wagonjwa wengi wa kiharusi na bajeti ndogo, anaweza kabisa kukikuta kifaa chenye uwezo huo miongoni mwa bidhaa za Guangzhou. Umeme wa kifaa cha bei nafuu na wa kifaa ghali ni umeme uleule. Tofauti iko kwenye nani ameuchagua mpangilio wa mipigo, na kama kifaa kinamruhusu kuuchagua.

Jirani tu na Guangyuan Xilu kuna watu wanaoichukulia mipigo kwa umakini huo. Jichang Lu, yaani Barabara ya Uwanja wa Ndege, imebaki na jina lake ingawa uwanja wenyewe wa zamani ulifungwa Agosti 2004. Hapo ndipo lilipo eneo la Sanyuanli la Chuo Kikuu cha Tiba ya Kichina cha Guangzhou, kilichoanzishwa mwaka 1956, pamoja na hospitali yake ya kwanza. Katika tiba ya sindano zenye umeme, daktari wa Kichina huchagua kasi ya mipigo kama wa kwetu anavyochagua dozi. Han Jisheng wa Beijing alionyesha katika utafiti wa miaka mingi kwamba mipigo 2 kwa sekunde na mipigo 100 kwa sekunde huufanya mfumo wa fahamu utoe kemikali tofauti za kutuliza maumivu, na vifaa vingi sasa hubadilishana kati ya kasi hizo mbili. Mgonjwa anaona tofauti kwa macho: kwa mipigo 2 msuli unaruka na kutulia, kwa 100 unakaza na kubaki umekaza. Zanzibar wanaifahamu tiba ya sindano tangu zamani; timu ya kwanza ya madaktari wa China, kutoka jimbo la Jiangsu, ilifika visiwani mwaka 1964.

Kwa anayekwenda kufunga mzigo, maswali ya kumuuliza muuzaji ni machache. Kifaa kinapiga mara ngapi kwa sekunde, na je, mtumiaji anaweza kubadilisha? Kifaa kinachoonyesha "kiwango 1 hadi 20" bila Hz, yaani mipigo kwa sekunde, kinaficha kitu cha msingi, kwa kuwa viwango hivyo kwa kawaida ni ukubwa wa umeme tu. Kila mpigo una upana wa mikrosekunde ngapi? Kwa misuli, 200 hadi 400 ni kawaida. Muda wa kazi ni sekunde ngapi na wa kupumzika ni ngapi? Kifaa kisicho na pumziko kinafaa zaidi kutuliza maumivu kuliko kujenga msuli. Pedi za akiba zinapatikana, na plagi yake ni ya ukubwa wa kawaida? Hilo la mwisho si la kisayansi, lakini ndilo litakalowarudisha wateja wako kwa hasira.

Wapo wasiofaa kuvigusa kabisa bila daktari: mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mjamzito, mwenye kifafa. Pedi hazibandikwi mbele ya shingo wala kupitisha umeme kifuani. Na vazi la umeme la mwili mzima, linalouzwa kwa vyumba vya mazoezi, limeshawapeleka hospitalini vijana wenye afya njema waliolivaa kwa mara ya kwanza na kupandisha umeme hadi juu; nyuzi za misuli zilivunjika, mkojo ukageuka rangi ya chai, figo zikawa hatarini.

Kifaa kinachodai kutibu ni kifaa tiba mbele ya sheria. Tanzania vinasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Kenya ni kazi ya Bodi ya Dawa na Sumu. Taratibu za kibali zinaulizwa kabla kontena halijafungwa, maana boksi lililoandikwa "tiba ya kiharusi" na boksi lililoandikwa "masaji" yanaweza kuwa na mashine ileile ndani na yakapokewa tofauti kabisa bandarini. Alama ya CE ya Ulaya iliyochapwa kwenye karatasi ya nje nayo haitoshi peke yake. Omba cheti chenyewe, chenye jina la kiwanda na namba ya toleo la kifaa, ukilinganishe na kibandiko kilicho nyuma ya mashine kabla hujatoa malipo ya awali.